Milimita Tatu za Bi Hesabu

Saa tatu asubuhi, mwanamke mwenye kofia ngumu ya njano amesimama nje ya dirisha la shule inayojengwa, darubini machoni. Anasoma kipimo kilichofungwa chini ya sakafu ya ghorofa ya kwanza. Juu ya sakafu hiyo mifuko mia nne ya mchanga imelala tangu jana.

"Mtu asivuke utepe!" anafoka. Mafundi wanarudi nyuma, wengine wameshika vichwa.

Ni mhandisi wa miundo, mama wa watoto watatu. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake imekuwa kuamua unene wa nguzo na idadi ya nondo. Mafundi wanamwita Bi Hesabu.

Lakini hesabu ya chumba hiki aliikosea.

Aliichora sakafu ibebe darasa, kilo mia tatu kwa kila mita ya mraba. Baadaye ikaja barua kwamba chumba kitakuwa maktaba. Aliisoma, akaiweka kwenye faili, akapitiwa. Zege likamwagwa.

Wiki saba baadaye alimkuta seremala akipima ukuta.

"Fundi, unapima nini?"

"Makabati ya vitabu, mama. Yanajaa mpaka juu."

"Nilirudi mbio kwenye faili, nikaisoma tena ile barua," anasimulia. "Vitabu vilivyopangwa hivyo ni mzigo zaidi ya mara mbili ya darasa."

Hakuna mwingine aliyejua. Mumewe alimwonya kwamba akisema atajiharibia jina.

"Nilimwambia, baba watoto, jina langu likianguka nitaliokota. Sakafu ikianguka, niokote nini?"

Siku hiyohiyo alimpigia mkuu wa shule, kisha kampuni ya bima. Kazi ikasimama. Mhandisi wa ofisi nyingine akaitwa kukagua hesabu upya, na boriti mbili za chuma zikafungwa chini ya sakafu. Hapo ndipo mifuko ikapandishwa, kujaribu kama sakafu itahimili uzito wa vitabu.

Kikomo cha sakafu kupinda chini ya mzigo huo ni milimita nane. Bi Hesabu anashusha darubini, anaipandisha tena, na kumpa mkaguzi, yule mhandisi wa ofisi nyingine.

"Nisomee wewe. Mimi naogopa macho yangu."

Mkaguzi anatazama kwa muda mrefu mno.

"Tatu."

"Ngapi?"

"Tatu, dada! Milimita tatu!"

Uwanja unalipuka. Fundi mkuu, mtu mzima mwenye mvi, anarusha kofia yake juu. Mkuu wa shule anacheka huku akifuta machozi.

"Nilimkasirikia wiki nzima," anakiri. "Leo ningempa jengo lingine."

Bi Hesabu ana mpango: kuanzia mwezi ujao, kikao cha wahandisi ambacho kila mmoja atakuja na kosa lake mwenyewe. La kwanza mezani litakuwa la barua ile. Tisa wamekubali.

"Mmoja ameshindwa kungoja," anasema, macho yaking'aa. "Amenipigia asubuhi hii, ana wasiwasi na ngazi aliyoichora. Nimemwambia alete ramani leo mchana."