Mtani Aliyeshika Bisibisi

Vyama vya ushirika vilipovunjwa, wapiga chapa wengi walirudi makwao mikono mitupu. Sikuzani binti Nassibu hakurudi hivyo. Ofisi ya tumbaku aliyoitumikia tangu ujana wake ilimpa taipureta kuukuu badala ya kiinua mgongo cha maana, naye akajitwika kichwani, akapita nayo katikati ya mji wa Tabora mchana kweupe hadi nyumbani kwake Gongoni, kwa makusudi mazima ya kuonwa. Juma lililofuata aliweka meza kwenye baraza la duka lililofungwa, karibu na mahakama, akaanza kazi yake mwenyewe.

Wateja hawakukawia. Nchi nzima ilikuwa ikihamishwa na kuandikishwa upya, na kila aliyehamishwa alikuwa na la kumweleza mkubwa fulani. Mfugaji wa Choma ambaye ng'ombe wake walibaki upande huu na kijiji chake kipya kikawa upande ule, mkimbizi wa Ulyankulu aliyemtafuta kaka yake, mjane aliyetaka kuachiwa shamba la marehemu, wote walikaa kwenye benchi la Sikuzani wakamwaga yaliyowajaa moyoni. Yeye aliyachuja, akayanyoosha, akayapiga chapa. Alikuwa mkali pia. Mtu akianza kumtukana katibu kata ndani ya barua, alimkata kauli hapo hapo.

"Matusi kayapeleke mwenyewe kwa mdomo. Mashine yangu haina herufi hizo."

Ubavuni mwa baraza hilo alikaa Abbasi, fundi wa cherehani, redio, saa na kila kitu chenye skrubu. Alikuwa Mzaramo wa Kisarawe aliyeletwa na gari moshi, akanogewa na Tabora, akabaki. Wazaramo na Wanyamwezi, kabila la Sikuzani, ni watani tangu enzi za misafara, mababu walipokutana pwani, hawa na pembe za ndovu begani, wale na nazi zao mkononi. Mtani hakasirikiwi. Akikutukana unacheka, akikamata kuku wako uani akamchinja unacheka, nawe unangoja zamu yako.

"Mpagazi, umeamka?" Abbasi alikuwa akimkaribisha kila asubuhi. "Nilidhani umejitwika mlango ukaondoka nao."

"Bora mimi ninayebeba. Babu zako walilala chini ya mnazi wakingoja nazi iwadondokee, ndiyo maana vichwa vyenu viko hivyo."

Watu waliokuja mahakamani na mashaka yao walijikuta wanacheka. Lakini chini ya kelele hizo palikuwa na jambo zito. Sikuzani hakuwa na mume wala mtoto, na ndugu zake walikuwa mbali. Alipokwenda kwa kaka yake Ziba, ufunguo wa nyumba aliuacha kwa Abbasi. Abbasi alipooa, mkewe Mwanajuma alifundishwa kupiga chapa na Sikuzani mwenyewe, kwenye mashine ile ile, alasiri ambazo wateja walikuwa haba. Alimfundisha kwa vidole vyote, bila kutazama, kama alivyofundishwa yeye. Hakudai chochote. Mke wa mtani utamdai nini?

Jioni moja, Sikuzani akiirudisha mashine nyumbani juu ya keria ya baiskeli, mpira wa kufungia ulikatika kwenye kivuko cha reli. Taipureta ilianguka juu ya chuma. Alipiga magoti, akaifuta vumbi kwa khanga, akajaribu herufi moja, kisha nyingine. Herufi ziliinuka zikagonga vizuri, lakini kile kigari cha juu kinachobeba karatasi hakikusogea. Kila herufi iliangukia juu ya mwenzake, mpaka pakawa na doa moja jeusi.

Asubuhi aliiweka mbele ya Abbasi. Abbasi aliigeuza ubavu, akafungua kibati cha chini, akachungulia kwa muda.

Sasa, siku zile mashine mpya ilikuwa hadithi. Maduka ya serikali yalikuwa na rafu ndefu na vitu vichache, na ukiagiza taipureta ulikuwa umeagiza mvua. Lakini kwa bahati Bwana Fakhrudin, mwenye duka la vyuma, alikuwa akihamia Dar es Salaam kwa wanawe na alitaka kuuza taipureta ya dukani kwake. Alimwahidi Sikuzani kumwekea hadi Jumamosi. Tatizo lilikuwa malipo. Kitu pekee chenye thamani alichokuwa nacho Sikuzani kilikuwa ng'ombe mmoja jike, urithi wa baba yake, aliyekuwa akichungwa na kaka yake kule Ziba. Ng'ombe yule alikuwa na mimba. Ndiye aliyekuwa uzee wa Sikuzani. Mwanamke asiye na mtoto hukaa kwa kaka yake kwa heshima akiwa na ng'ombe zizini, na bila ng'ombe hukaa kwa hisani ya wifi.

"Mtani," alimwambia Abbasi, "leo niachie mzaha. Niitengeneze hii, au nikauze ng'ombe ninunue ile ya Fakhrudin?"

Abbasi alivua kofia yake, akaiweka juu ya meza. Hakumwita mpagazi.

"Dada Sikuzani," alisema kwa sauti ya chini, "hii imekufa. Chuma cha ndani kimepasuka. Nikiiunga leo, kesho itakuaibisha mbele ya watu. Usipoteze pesa zako kwangu. Kamuuze ng'ombe, dada yangu. Nakwambia kama ndugu wa tumbo moja."

Katika miaka yote ya kujuana kwao hakuwahi kumwita dada. Neno hilo ndilo lililomaliza mjadala. Sikuzani alipanda basi kwenda Ziba, akagombana na kaka yake, akamfungua ng'ombe, akamuuza mnadani kwa mtu ambaye hakutaka hata kumtazama usoni. Njia nzima ya kurudi alilia kimya kimya huku akijiambia kwamba kazi ikishika vizuri atanunua mwingine. Jumamosi alikuwa dukani kwa Bwana Fakhrudin kabla mlango haujafunguliwa.

Siku aliyoileta mashine ya Fakhrudin barazani, alikwenda kwa Abbasi kuichukua ile ya zamani. Hata kama imekufa, ilikuwa ya kwake. Alitaka kuiweka chumbani, basi. Abbasi alimwona anakuja, akaruka, akaikumbatia taipureta kifuani.

"Nimeteka!" alipiga kelele. "Jamani shuhudieni! Mnyamwezi kaacha mzigo njiani, nami nimeuteka! Babu yake angemchapa bakora!"

Baraza zima lilivunjika mbavu. Karani wa mahakama alipiga makofi. Na Sikuzani? Sikuzani alicheka. Alishika kiuno akacheka hadi machozi yakamtoka, maana mtani akiteka unacheka, halafu unakuja na kuku kukomboa.

"Haya, kaa nacho chuma chako chakavu," alisema. "Kizikwe nawe."

Basi, ndivyo alivyosema, mbele ya watu wote.

Mwezi haukuisha. Asubuhi moja Sikuzani alifika kazini akakuta meza mpya upande wa pili wa mahakama. Nyuma ya meza alikaa Mwanajuma, mgongo umenyooka, macho hayatazami vidole. Mbele yake ilikuwa taipureta ya Sikuzani. Kigari cha juu kilikuwa kikisogea, kikifika mwisho kengele inalia, Mwanajuma anakirudisha kwa mkono wa kushoto, kinasogea tena. Bei yake ilikuwa nusu ya bei ya Sikuzani, na benchi lake lilikuwa limejaa.

Sikuzani alivuka uwanja. Abbasi alikuwa amesimama pale pale, akitabasamu.

"Ulisema imekufa," Sikuzani alisema.

"Springi tu, mpagazi! Springi ya saa ya ukutani, alasiri moja imekwisha." Abbasi aliwageukia watu. "Nimemweza, jamani! Kauza na ng'ombe!"

Walicheka. Safari hii Sikuzani hakucheka, na hakuna aliyegundua, kwa sababu wenzake walicheka vya kutosha. Alichomwa si na ile mashine. Mashine ni chuma. Alichomwa na lile neno dada. Alijiona mjinga, akaona aibu, kisha akaona hasira ambayo hakujua aipeleke wapi. Alimchukia Abbasi, na kwa siku kadhaa alijichukia yeye mwenyewe zaidi.

Alikwenda kwa balozi wa nyumba kumi, Mzee Shilinde, mtu wa haki anayeheshimika mtaani. Alieleza yote. Mzee Shilinde alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza maswali yake.

"Aliichukua kwa siri?"

"Hapana, mzee. Mbele ya watu."

"Nawe ulifanya nini?"

"Nilicheka."

"Ukasema?"

"Nikasema akae nayo."

Mzee Shilinde alikuna kidevu. Alionekana kuhuzunika kweli. "Mwanangu, hapa pana utani. Nikiandika kesi ya utani, kesho mji mzima utanicheka mimi. Kuhusu ng'ombe, alikupa ushauri, wewe ukauza. Ninajua ulivyotendewa, lakini nitakusaidiaje?"

Hapo ndipo Sikuzani alipouona ujanja wote ulivyokuwa. Abbasi alikuwa amemwibia hadharani, akamwita yeye mwenyewe amshikie mlango, naye akaushika kwa kicheko.

Tangu siku hiyo alifanya kazi yake kwa mashine ya Fakhrudin, wateja wakiwa nusu ya wale wa zamani. Abbasi aliendelea kumrushia maneno. "Mpagazi, umenuna?" Sikuzani alimjibu kila mara kwa adabu kamili, kama anavyojibiwa mgeni wa serikali: "Sijambo, ndugu Abbasi. Habari za nyumbani?" Mwanzoni watu walidhani ni mzaha mpya, wakangoja mwisho wake wa kuchekesha. Haukuja.

Masika yaliyofuata simu ya maandishi ilifika kutoka Kisarawe kwamba mama yake Abbasi amefariki na amekwisha zikwa. Abbasi alitandika mikeka nyumbani kwake Isevya. Alikuwa mbali na kwao, hana mjomba, hana kaka wa kukaa naye. Katika msiba wa namna hiyo ni watani wanaombeba mtu. Huja wakiwa wamevaa nguo za marehemu za kubuni, hudai deni la marehemu, humkataza mfiwa kulia mpaka alipe faini, na mfiwa hujikuta anacheka huku analia, na kifua kinafunguka. Wanyamwezi wa mtaani walifika, lakini walikaa kimya wakimngoja Sikuzani. Yeye ndiye aliyekuwa mtani wa Abbasi, na hakuna aliyetaka kumtangulia.

Sikuzani alifika amejifunga khanga vizuri, na kapu la unga mkononi. Alimkabidhi Mwanajuma unga, akaingia jikoni, akaosha sufuria, akachota maji, akapika na wanawake wenzake. Alipomaliza alikwenda kuketi ukumbini. Abbasi alikuwa ameegemea ukuta, macho mekundu. Alipomwona aliinuka kidogo, na uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyeletewa maji.

"Mpagazi," alisema. "Umekuja kunidai nini? Nidai basi. Mama yangu alikuwa na deni lako, sivyo? Sema neno."

Ukumbi mzima ulimgeukia Sikuzani. Maneno yalikuwepo, mengi, yalimjaa hadi kooni. Alimhurumia Abbasi, huruma ya kweli kabisa, na bado hakuweza kuyatoa. Aliupokea mkono wa Abbasi kwa mikono yake miwili, akauinamia kwa heshima zote.

"Pole kwa msiba, ndugu Abbasi," alisema. "Mungu akupe subira."

Kisha akaenda kukaa na wanawake, na Abbasi akalia peke yake.