Bi Mwatum, Mwimbishaji wa Ng'ombe

Mama yangu amewatoboa watu wengi kuliko dume lolote la Pemba, na hajapata kuota pembe. Aliwatoboa kwa mdomo. Jina lake Mwatum binti Mmanga, mtu wa Mgogoni, mkulima wa muhogo na mchumaji wa karafuu kama wenziwe, na kwa miaka ishirini na sita alikuwa mwimbishaji wa upande wetu katika mchezo wa ng'ombe.

Asiyeujua mchezo huu nitamweleza mara moja tu, maana sina subira ya kurudia. Dume hufungwa kamba ndefu, hupigiwa zumari na ngoma mpaka macho yakamgeuka, kisha wanaume huingia mmoja mmoja na kipande cha kanga kumchokoza. Ng'ombe wetu hauawi. Wanaotoboka ni watu. Uwanja huzungushwa mstari wa majivu, na nyuma ya mstari wanawake wa kila kijiji huimba. Mwimbishaji ndiye anayetaja majina. Kwetu, mwimbishaji wa upande wako akikutaja unaingia. Husemi kichwa kinauma, husemi mke mjamzito. Na mwanamke havuki majivu. Akivuka, mchezo umevunjika siku hiyo, na aibu ni ya kijiji chake.

Basi mama alikuwa akitaja. Alimtaja Masoud wa Bi Rahma, akatoka uwanjani na meno ya upande mmoja. Alimtaja kijana mwengine ambaye hadi leo anakutazama kwa jicho moja. Wazazi wao walimnunia mwezi, wakasahau, wakapanda naye gari msimu uliofuata. Mimi sikusahau. Nilimwambia mara nyingi kwamba ana roho ngumu, naye akacheka, akaniambia nimerithi ulimi wake ila sikurithi sauti.

Kisha akamtaja baba. Miaka mitano iliyopita, kwa raha zake, mbele ya watu, akamwimba Haroub mumewe, na Haroub akaingia akicheka. Pembe ilimwingia chini ya mbavu ikamnyanyua. Nilimwona baba yangu akining'inia kama nguo kwenye kamba. Hospitali walimtoa bandama, na daktari akamwita mama pembeni akamwambia akipigwa tena hapo ndani hatamaliza saa moja. Usiku huo mama alitia wudhu, akashika msahafu, akaapa kwamba ulimi wake hautalitaja tena jina la mumewe uwanjani.

Mtu mwenye akili angeacha kwenda kabisa. Sisi hatukuacha. Kila Januari familia nzima tulikwenda, na tulikwenda kimaskini. Mama alinunua doti moja ya kanga za sare ya mashabiki, akaikata kati, kipande chake na kipande changu. Alichemsha muhogo na maganda yake, akakaanga dagaa, akajaza maji dumu la lita tano, kwa kuwa wauza juisi ya ukwaju uwanjani huuza kama wanauza dawa. Nauli hatukulipa. Mzee Ngwali, mwenye dume letu Msumari, alitupakia nyuma ya Fuso pamoja na ng'ombe mwenyewe, kwa sababu baba alijua kumtuliza. Saa nzima tulisimama ubavuni mwa Msumari, na mkojo wake ukaturukia miguuni, na mama akiimba njia nzima kama bibi harusi.

Mwaka huu tulikwenda kusini, kijiji ambacho sitakitaja kwa kuwa bado wana hasira nasi. Wenye pesa walipanda jukwaa la magogo. Sisi tulitandika mkeka chini, nyuma tu ya majivu, hatua moja kutoka uwanjani. Kukaa huko ni bure. Ungekuwa juu ya jukwaa, ukitaka kuingia ungehitaji kuteremka, kupenya watu, kupata muda wa kufikiri. Pale kwetu ulihitaji kuinuka tu.

Dume la wenyeji ndilo linaloanza, na wageni ndio wanaolichezea. Lao liliitwa Dhoruba, jeusi, shingo nene. Mama akamtaja Haitham, mpwa wake, mchezaji wetu bora. Haitham alimchezea vizuri mara mbili, kanga ikipita puani mwa ng'ombe na watu wakipiga vigelegele. Mara ya tatu akateleza. Dhoruba alimbana chini, akamsaga kwa paji la uso, kisha pembe ikachana paja kutoka gotini kwenda juu. Nyama ilifunguka nyeupe kwanza, damu ikaja baadaye. Walimbeba juu ya mlango uliong'olewa kwenye banda. Alikuwa akimwita mamaake. Wachezaji wetu wengine wawili walitazama ule mlango ukipita, wakaanza kuzungumza na simu zao.

Hapo ndipo Mwanakhamis, mwimbishaji wa wenyeji, mwanamke mrefu mwenye sauti ya tarumbeta, alipokuja mpaka ubavuni mwa mkeka wetu na kundi lake, akaimba:

*Mgogoni mwatujia, na vikapu na sinia,*
*Haroub twamsikia, ushungi kajitandia.*

Jukwaa zima likacheka. Mtu akamtupia baba ushungi wa kweli, ukamwangukia begani. Nilisimama nimrarue aliyeutupa. Baba akanivuta chini.

"Kaa, mwanangu. N'shacheza mie, hawana la kunambia."

Alikuwa akimenya muhogo. Aliukunja ule ushungi vizuri, akauweka mkekani, akaendelea kumenya. Mwanakhamis akarudia mara ya pili, mara ya tatu, na baba hakuinua kichwa. Nilimpenda sana baba yangu wakati ule. Niliona ni mwanamume kuliko wote waliokuwa pale, na nilidhani tumepona.

Lakini mama alikuwa na ulimi wake. Miaka ishirini na sita hakuna mwanamke aliyemwimba akaenda zake bila jibu. Niliiona shingo yake ikijaa. Niliona anatafuta maneno, na nilimwona anayapata, na uso wake ukang'aa kwa furaha ya kuyapata, na akasahau kila kitu duniani.

*Haroub wangu ni yule, ashikae pembe mbele,*
*Wenu wapiga kelele, na kukimbilia kule!*

Ilikuwa jibu zuri. Hata Mwanakhamis alirudi nyuma hatua. Ngoma zetu zikaudaka wimbo, na wanawake arubaini wa Mgogoni wakauitikia kwa jina, Haroub, Haroub, na wanaume wetu wakaacha simu zao wakageuka kutazama mkeka wetu.

Baba aliweka kisu chini. Akafuta mikono kwenye kanzu. Akanivua kipande cha kanga mabegani, pole pole, kama mtu anayeazima, akainuka, akavuka majivu.

Mama alikuwa bado na mdomo wazi katikati ya mstari. Sijapata kumwona mtu akigeuka rangi namna ile. "Baba Samiha!" alipiga kelele, akimwita kwa jina langu. "Rudi! Sikukwita! Wallahi sikukwita!" Nani angesikia? Zumari lilikuwa likilia, na Dhoruba alikwisha kumwona mtu na kanga. Baba alisimama amepinda kidogo upande wa jeraha, kanga mkononi, akimngojea.

Mama akavuka majivu.

Alikimbia na kandambili moja, mwanamke wa miaka arubaini na tisa, mnene, akajitia katikati akitandaza mikono. Dhoruba hakuchagua. Alimpiga nyongani, akamtupa juu, na alipoanguka aliangukia mkono, nikausikia ukivunjika. Ng'ombe akamrudia. Akamburura mchangani kwa paji la uso, nguo zikamvuka mpaka kiunoni mbele ya ulimwengu mzima, na baba akiwa ameshika mkia wa dume kwa mikono miwili akivuta na kulia. Washika kamba wakavuta wote kwa pamoja. Dhoruba akaanguka ubavu. Zumari likakatika.

 Watu wote walikuwa na simu juu. Video hiyo mpaka leo inatembea, nimekwisha kugombana na watu watatu hapa mtaa wa Madungu ninakoshona nguo, kwa sababu yake.

Kisha wakakumbuka kwamba mchezo umevunjika. Kila mtu alikuwa amekuja kutoka mbali, kila mtu alikuwa bado hajashiba. Likaja fuu la nazi, likaja jiwe, likaja lile dumu letu la maji. Watu wa Mgogoni, watu wetu wenyewe, walikuwa miongoni mwa warushaji. Nilimuuma mkono mwanamume mmoja mpaka nikasikia ladha ya damu yake, na sijutii. Aliyemfunika mama ni Mwanakhamis. Alivua kanga yake ya sare, akamfunika miguu, akamtengeza nywele, kisha akamwambia kwa uchungu, "Ushatuvunjia siku, Mwatum," akaondoka.

Mzee Ngwali alikwisha kumpakia Msumari. Baba alipomwomba atupeleke hospitali, mzee alifunga komeo la Fuso.

"Haroub, nakuhishimu. Lakini gari yangu haimpandishi mvunja mchezo. Wenzangu watanambiaje?"

Akatuacha kwenye vumbi. Nikamtukana tusi ambalo sikujua kama ninalijua.

Tukaanza kutembea kuelekea barabara kuu. Mkono wa mama niliufunga kwa ule ushungi waliomtupia baba, kwa kuwa kanga ya Mwanakhamis ilikuwa imemstiri kiunoni. Mfupa ulikuwa umesukuma ngozi. Hakulia. Baba alimshika kiuno upande mmoja, mimi nikabeba kikapu upande mwengine. Nilikuwa na mengi ya kumwambia mama. Nilitaka kumwambia kwamba ameyataka mwenyewe, kwamba meno ya Masoud na jicho la yule kijana na paja la Haitham yote yako shingoni mwake, na sasa ameonja. Nilikuwa nikiyapanga maneno hayo ili yaume.

Yeye ndiye aliyeanza. Alisimama katikati ya njia, akamwangalia baba.

"Mwanakhamis kakuimba mara tatu," alisema. "Ukatupiwa ushungi. Hukuinua hata jicho. N'likwona, nikasema alhamdulillahi, mume wangu ana akili. Na bandama huna, na wajua huna. Mbona uliinuka, Baba Samiha? Uliinukia nini?"

Baba alimtazama kama aliyeulizwa kitu cha kitoto.

"Mwanakhamis ni nani kwangu?" akasema. "Umenita weye, nami n'kae?"

Mama akaketi chini pale pale, barabarani, na ule mkono wake, na hapo ndipo alipolia. Maneno yangu yote niliyoyapanga nikayameza. Gari ya mkaa ilitukuta tungali hapo, baba akiwa amechuchumaa mbele yake anampangusa mchanga usoni, ikatuchukua mpaka hospitali.