Siku Niliyoomba kwa Sauti ya Mzee Otiende

Mwaka wa nzige, kanisa letu lilicheka katikati ya maombi mpaka ng'ombe wa meneja wakakimbia.

Aliyelichekesha hakuwa mlevi. Hakuwa mtoto.

Ngojeni niwaeleze.

Mimi Jerusa ni mjane. Marehemu aliniachia binti mmoja, Dorcus, na kazi ya kuchuma chai huku Kericho. Kusoma nilisoma kidogo kwa wamisionari, kiasi cha kufungua Biblia nikafika ninapotaka. Lakini kwa kumcha Mungu, jamani, nilijiona mwalimu wa walimu.

Nilikaa benchi la mbele. Mtu akisinzia nyuma, nilijua bila kugeuka.

Basi Jumamosi moja jioni naenda kuteka maji, nasikia kicheko hapo mferejini.

Ni Okello, mchumaji mwenzetu. Amekipindua kikapu chake cha chai, amepiga magoti juu yake, amejifunika blanketi kama kanzu ya ibada.

"Ee Bwana uliye juu mbinguni," anaomba, "na wewe bwana meneja uliye juu kilimani, tusamehe sisi tunaochuma jani la tatu, lile gumu lililokatazwa, kama wapagani!"

Watu wako chini, wameshika mbavu.

Mimi sikucheka. Sawa, kuna kitu kilinitoka puani. Nikajiambia ni mafua.

"Okello! Unafanya maombi mchezo?"

"Mama Dorcus, Mungu simchezei. Namchezea yule anayemsumbua kila Jumapili."

"Utasema hayo kesho kanisani."

Akaruka chini kutoka kikapuni. "Mama, haki, usinipeleke kwa Mzee. Bibi yangu yuko karibu kujifungua."

Mzee ni Mzee Otiende. Alikuwa mzee wa kanisa, na ndiye nyapara wa laini zetu, zile nyumba za wafanyakazi. Jumapili alishika Biblia, Jumatatu fimbo. Akisema neno moja ofisini, kipande chako, ile kadi ya kazi, kinasainiwa kwamba umefukuzwa na unatoka siku hiyo hiyo na sufuria zako. Wilkista, mke wa Okello, na tumbo lile, angelala wapi?

Nilijua hayo yote. Nikaenda kushitaki. Mwili wote ulikuwa unatetemeka kwa utakatifu.

Kesho yake Mchungaji Phelix alikuwa amefika kwa miguu kutoka Sosiot kutupatia meza ya Bwana. Kesi ikawekwa baada ya mahubiri.

Sasa, kanisa letu lilikuwa na kawaida moja. Ukishitaki mtu kwa maneno, maneno yenyewe lazima yasikike mbele ya wote, vile vile yalivyosemwa. Hakuna kusema tu "alisema mabaya."

"Okello," Mzee Otiende akaguruma, "rudia ulivyofanya."

Okello akasimama, kofia mkononi. "Mzee, hapa siwezi. Hii ni nyumba ya Mungu."

"Rudia!"

"Humu ndani, hapana. Kama ni kufukuzwa, nifukuzwe."

Wilkista akaanza kulia kimyakimya, mkono tumboni.

Mchungaji akanitazama. "Basi mshitaki ayatoe."

Ningeweza kunong'ona. Ningeweza kusema kwa kifupi. Lakini mimi na kupenda kwangu ukweli, nikataka isipotee hata chembe. Nikaazima shuka ya Wilkista, nikajifunika. Nikapiga magoti.

"Ee Bwana uliye juu mbinguni..."

Ai! Sauti iliyotoka haikuwa yangu wala ya Okello. Ilikuwa nzito, ya puani, Mzee Otiende mtupu. Sikujua ninayo.

Upande wa wanaume mtu akapasuka kicheko.

Hapo ningenyamaza. Lakini kuchekewa ni kutamu kuliko asali ya Wakipsigis. Nikaongeza kile kikohozi anachokohoa kabla ya kumtaja meneja. Okello hakuwa na kikohozi. Nikafumbua jicho moja, vile Mzee hufanya kuona nani amechelewa. Halafu, Mungu anirehemu, nikamalizia:

"Na umbariki mjane Jerusa wa benchi la mbele, anayekuja kunishitakia wenzake kila wiki."

Kanisa likavunjika. Mchungaji alijificha nyuma ya Biblia, mabega yanacheza. Ndipo ng'ombe nao wakashtuka huko nje.

Nikafungua macho. Mzee Otiende amesimama mbele yangu, uso rangi ya majivu.

"Jerusa," akasema polepole. "Huyo ni mimi?"

Nilikuwa nimekuja kumtetea Mungu, kumbe muda wote nilikuwa nikimtetea Otiende. Na sasa hata Otiende nimemmaliza.

Akageuka kwa Okello. "Huyu lazima atoke laini!"

"Kwa kumtukana nani, Mzee?" Mchungaji akauliza. "Mungu ama wewe?"

Mzee akarudi kitini. Akakaa.

"Okello ameambiwa mbele ya wote arudie, akaiheshimu nyumba hii," Mchungaji akasema. "Sina kesi naye. Humu ndani nimesikia mtu mmoja tu akichezea maombi."

Kidole chake kikanifikia mimi.

"Mama Jerusa, benchi la nyuma mpaka Pasaka. Meza ya Bwana utaitazama kwa mbali."

Nikabeba Biblia yangu, nikarudi nyuma. Njia ile ilikuwa ndefu, ndugu zangu. Dorcus wangu aliangalia dari.

Wilkista alijifungua salama kwenye chumba chao. Mtoto nilisaidia kumlea kule kule benchi la nyuma. Jumapili moja Okello akaniinamia.

"Mama, ile ya kikohozi, naweza kuichukua?"

"Ichukue. Lakini mtu aliyefiwa akiomba, huyo muache."

"Mama, umewahi kuniona nikimgusa aliyefiwa?"

Nikafikiri. Sikuwahi. Yule mkejeli alikuwa na mpaka wake na aliujua. Mcha Mungu ndiye aliyeuruka, tena na shuka ya watu mabegani.

Kwa hivyo wewe, damu ikikuchemka kwa ajili ya Mungu, uliza kwanza ni nani hasa ametukanwa. Na kama lazima ushitaki, shitaki ukiwa umesimama. Mimi yaliyoniponza ni magoti.