Jumamosi ya Mawe, Jumapili ya Maji

Jiwe lililonipasua juu ya jicho la kushoto lilirushwa na kaka yangu wa tumbo moja, nami nilimwona akilirusha. Kesho yake nilipanda baiskeli yake, nyuzi zikiwa bado mbichi usoni, nikaingia mashindanoni tena. Watu wakinisikia nikisema hivyo hudhani natia chumvi.

Ilikuwa miaka ya ruksa, viwanda vya umma vilipoanza kuuzwa kimoja baada ya kingine. Kaka alikuwa mtunza stoo katika kinu cha kukamua alizeti kilichokuwa cha serikali. Mwenye mali mpya alipoingia, kwanza alibadilisha rangi ya geti, kisha akabadilisha watu. Kaka na wenzake walipigwa redundansi, yaani kupunguzwa kazini, asubuhi moja, na waliposita kutoka wakafunguliwa mbwa. Alirudi nyumbani Ipagala suruali imechanika na alama za meno zimemkaa pajani. Akakaa uani mpaka jua likazama, hakuvua hata viatu.

Mimi niliishi kwake, chumba cha uani, nikipiga chapa katika ofisi moja ya serikali mjini. Kila asubuhi kabla ya kazi nilikimbia. Nilikuwa na raba za mitumba na miguu ya Bahi, kwetu, ambako mtoto wa kike hujifunza kukimbia kwa kufukuza ndama.

Basi kinu kikatangaza mashindano ya siku mbili ili mafuta yao mapya yajulikane. Jumamosi mbio za barabarani. Jumapili jambo ambalo Dodoma hatukuwa tumeliona: kuogelea katika bwawa la Hombolo, kutoka majini na kupanda baiskeli hadi Ipagala, kisha kukimbia hadi uwanja wa mpira. Mwanamke atakayefanya vizuri siku zote mbili atapewa cherehani. Sharti lilikuwa moja, kila mshindani avae fulana ya njano ya kinu.

Kaka aliikuta fulana imeanikwa kwenye kamba.

"Utaivaa hii?"

"Bila kuivaa hawakuandikishi, kaka."

"Basi ukiivaa usimwambie mtu kuwa wewe ni ndugu yangu."

"Mimi nakimbia tu."

"Na wale mbwa walikuwa wanakimbia tu," akasema, akaing'oa kwenye kamba na kuichana mkono mmoja mpaka kwapani. Nikaiokota, nikaishona mbele ya macho yake. Hatukusemezana tena wiki ile.

Jumamosi upepo ulivuma tangu asubuhi, ule upepo wetu unaobeba mchanga na kuutia mdomoni. Tuliondoka kundi zima, wanaume kwa wanawake, viwiko vikifanya kazi. Mwanamume mmoja alinikanyaga kisigino, mwingine akanisukuma kwa mkono wazi mgongoni kama anafungua mlango. Mbele yetu ilikwenda pikapu yenye vipaza sauti, meneja wa kinu ameketi karibu na dereva, dirisha wazi, akipungia watu. Nilijibana nyuma ya gari lile ili linikinge upepo. Ndiyo maana nilifika getini pa kinu nikiwa wa kwanza kati ya wanawake.

Pale barabara ilikuwa imefungwa kwa magogo, na matairi yanawaka. Pikapu ikafunga breki. Sisi tuliokuwa nyuma hatukuweza kusimama, maana wa nyuma yetu walikuwa wanatusukuma; nikabanwa ubavuni mwa gari. Mawe yakaanza. Yalitoka nyuma ya ua wa minyaa, mwanzo moja moja, kisha kama mtu amemwaga gunia. Kioo cha gari kilipasuka. Kijana aliyekuwa kando yangu alipigwa mdomoni, akatema jino, akaendelea kukimbia huku analitazama mkononi.

Kisha kaka akatoka nyuma ya minyaa. Alikuwa amevaa shati lake la kwenda kazini, lile la kaki, limepigwa pasi. Alikuwa na jiwe la ukubwa wa ngumi, na alikuwa anamtazama meneja. Akarusha. Dereva akarudi nyuma kwa ghafla, dirisha likapita, na nyuma ya dirisha nilikuwa mimi.

Sikusikia maumivu. Nilisikia mlio, kama mtu kagonga kibuyu, halafu jicho moja likaona rangi nyekundu. Nilibaki nimesimama. Kaka naye alikuwa amesimama, mkono haujashuka bado, kinywa wazi. Aliita jina langu la nyumbani, lile analoniita mama.

Polisi walimfikia kabla yangu. Walitoka ndani ya geti, kumbe walikuwa wanangoja humo, virungu juu. Kirungu cha kwanza alikikinga kwa mkono wa kulia, nao ukavunjika. Niliuona ukipinda mahali pasipo na kiungo. Alianguka, wakaendelea. Mmoja alimpiga kwa buti tumboni kwa utulivu kabisa, kama anayepiga teke gunia ili lijipange. Nikapiga kelele. Bomu la machozi likalipuka katikati yetu, watu wakatawanyika, na polisi mwingine akanijia na kirungu chake. Nadhani hakuona fulana, aliona damu tu. Nikakimbia.

Nilikimbia mpaka uwanjani. Sikujua kwamba bado niko mashindanoni hadi waliponiambia kuwa nimeongoza wanawake, maana wengi walikuwa wamekimbilia vichakani. Walinipeleka kwenye zahanati. Mganga alisema ganzi imekwisha. Nikaukamata ubao wa kitanda, wauguzi wawili wakanilalia miguuni, akanishona.

Alasiri wifi yangu, mke wa kaka, alirudi kutoka kituo cha polisi na chakula alichompelekea kikiwa bado kwenye kapu.

"Wamenikatalia kumwona," akasema. "Wanasema mkono umevunjika."

"Nimeona ukivunjika."

Aliniangalia uso uliovimba mpaka jicho limefumba. "Kesho unakwenda?"

"Nakwenda."

Sikuwa na sababu nzuri ya kumpa. Nilitaka kumpiga mtu na sikujua nimpige nani. Meneja? Polisi? Kaka mwenyewe? Kila nikimfikiria kaka, ngumi ilikuja, na nyuma yake ule mkono uliopinda. Nilijua kwamba nikilala chini siku nzima nitapasuka.

Wifi aliingia ndani, akatoka akiiburuta baiskeli ya kaka, ile ya mizigo, nzito kama punda. Nilikuwa nimepanga kuazima ya jirani. "Chukua hii," akasema. "Kakupasua uso, angalau magurudumu yake yakubebe." Akang'oa karieri ya nyuma kwa spana, kwa hasira, nati zikaruka uani.

Jumapili bwawa la Hombolo lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Wanawake tulikuwa watatu. Wawili walijifunza kuogelea shuleni. Mimi nilijifunza Bahi, mwaka maji yalipojaa mpaka kwenye majaruba ya mpunga, na mwalimu wangu alikuwa kaka. Alinishika kiuno akanitupa. Nilipotoka nikilia alinitupa tena, mpaka nikaacha kulia na kuanza kupiga maji. Ruba walining'ang'ania miguuni. Aliwatoa kwa chumvi, mmoja mmoja, akinicheka.

Filimbi ilipolia tuliingia majini kama ng'ombe wanaovushwa. Yalikuwa mateke matupu. Kisigino kilinigonga sikio, mkono wa mtu ukanishika nywele. Uzi mmoja usoni ukaachia, nikaonja damu na tope pamoja. Nikapiga maji kwa nguvu zote, kila mkono nikiutupa kama kofi, na kwa mara ya kwanza tangu jana nikapumua vizuri.

Katikati ya bwawa mtu alinipanda mgongoni.

Alikuwa mtunza stoo mpya wa kinu, kijana aliyepewa nafasi ya kaka. Nilimfahamu kwa sura, alipita nyumbani siku moja kudai funguo. Kinu kilikuwa kimewalazimisha wafanyakazi wake kushiriki, na yeye hakujua kuogelea kiasi hicho. Alinikumbatia shingo kwa mikono miwili, akanizamisha ili yeye apande. Anayezama hana ubaya, lakini atakuua. Nilikwenda chini. Giza, maji masikioni, miguu yake ikinikanyaga mbavu. Niliuma mkono wake mpaka meno yakakutana na mfupa. Hakuniachia. Nikageuka ndani ya kumbatio lile na kumpiga ngumi ya pua, kisha nyingine, kisha nyingine. Zile ngumi mbili za mwisho, sidhani zilikuwa zake peke yake.

Akalegea. Tukaibuka wote wawili. Pua yake ilikuwa imelala upande, macho yamegeuka meupe. Kumwacha kulikuwa rahisi sana. Nilimtazama, nikamshika kola ya ile fulana ya njano, nikamvuta chali mpaka kwenye mapipa matupu yaliyofungwa kamba kuonyesha njia.

"Shika hapa! Shika, we mpumbavu!"

Akashika. Akatapika maji juu ya mkono wangu. "Dada," akasema, "dada, dada," hakuweza neno jingine. Mtumbwi wa waokoaji ukaja, nikaondoka.

Mmoja wa wale wanawake wawili alikuwa ameshatolewa majini. Mwingine alikuwa mbele yangu, nikamfikia na kumpita kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi kama ubao wa kufulia. Baiskeli ya kaka ilinipiga makalio, mikono, meno. Kwenye korongo moja la mchanga mwanamume alikata mbele yangu, tairi likazama, nikaruka juu ya usukani na kutua kwa bega. Rimu ya mbele ikapinda. Nikaiweka chini, nikaikanyaga kwa mguu, nikiitukana kwa Kigogo matusi ambayo mama hajui kama nayajua. Iliponyooka nusu nikapanda. Ilikwangua uma wa mbele njia nzima mpaka Ipagala, na wifi alikuwa pale kandokando ya lami, hashangilii, ameshika ndoo ya maji. Alinimwagia yote kichwani, akanisukuma kwa mikono miwili: "Nenda!"

Nilikwenda. Mbio za mwisho sizikumbuki vizuri. Nakumbuka nyayo zilizochunika, na mtu aliyesema, "Jamani, mtoeni huyo, anakufa."

Meneja alinikabidhi cherehani uwanjani, plasta mkononi kwa ajili ya kioo cha jana. Nilimwambia, "Shikamoo. Kaka yangu yuko ndani, mkono umevunjika, hajatibiwa."

"Kaka yako yupi?"

"Aliyenipasua."

Alicheka kidogo, akidhani ni utani, halafu akaona si utani. "Mambo ya polisi ni ya polisi, dada. Tabasamu, tupige picha." Mtunza stoo alikuwa nyuma yake, pua imefungwa pamba, anatazama nyasi. Sikutabasamu. Picha ile hawakuitumia.

Kaka aliachiwa katikati ya wiki pamoja na wenzake, baada ya wazee wa mtaa kwenda kuwadhamini. Mkono ulikuwa umefungwa kwa vijiti na shuka. Nilikuwa jikoni nasonga ugali wa uwele. Alisimama mlangoni.

"Nilikuwa namlenga yule," akasema.

"Najua."

"Sikukuona."

Nikampiga mwiko begani, lile la kulia, lililokuwa zima kidogo kuliko mkono. Nikampiga tena. Hakukinga. Wifi alianza kuinuka, kisha akakaa. Nilimpiga mpaka mwiko ukavunjika, nikabaki na kipande, nalia kwa jicho moja kwa sababu la pili lilikuwa halijafunguka. Yeye naye alikuwa analia, bila sauti, mabega yakitikisika.

"Imekwisha?" akauliza.

"Bado," nikasema. "Kaa ule."

Alikaa. Mkono wa kulia haukuweza kitu, na kwetu mtu hali kwa mkono wa kushoto mbele ya watu. Aliutazama ugali tu. Nikamega tonge, nikalichovya kwenye mlenda, nikamlisha. Alitafuna polepole, taya lilikuwa linamuuma pia. Nikamega lingine.