Nanga ya Mlangoni

Juzi kikaoni mkuu wetu wa kazi alinisifu kwa Kiingereza. Alisema mimi ndiye nanga ya ofisi. Ndivyo Waingereza wanavyolitumia neno hilo hata wakiwa nchi kavu: nanga ni mtu asiyeyumba, anayewashikilia wenzake. Watu wakapiga makofi. Nikashukuru, wala sikuhisi kitu.

Kwetu Katonga, kando ya ziwa, ndugu yangu, nanga ilikuwa jiwe, na ilitajwa mtu anapoondoka.

Lilikuwa jiwe la mtumbwi wa marehemu babu, kubwa kama chungu cha maharage, lenye mfuo wa kamba kiunoni. Bibi aliliweka mlangoni. Msafiri wa nyumba ile, hata anayefika Mwandiga tu kununua mihogo, hakuondoka kabla ya kulikalia. Bibi husema, "Haya, ng'oa nanga," ndipo unanyanyuka na kwenda bila kugeuka nyuma.

Mama alipopata kazi ya kupika shuleni huko Kasulu, nikaambiwa mimi nitabaki. Alfajiri ya safari nililiviringisha lile jiwe hadi ufukweni, nikalifukia. Kulipokucha jirani akaanika dagaa wake juu ya mchanga ule ule.

"Nanga iko wapi?" bibi akauliza.

"Labda imechoka kukaliwa, bibi, imekwenda kuvua," jirani akamtania huku akitandaza dagaa.

Mama akacheka. "Gari litaniacha, mama. Nitakalia kigoda."

"Kigoda kilizuia mtumbwi gani? Tulia, mwana wanje, mwanangu. Hujang'oa nanga, huendi."

Gari la Kasulu likaondoka. Mama alishinda kibarazani, begi mapajani. Mara mbili aliniita nikale naye ugali wa muhogo na samaki aina ya migebuka walioungwa kwa mawese. Harufu ilinifikia. Sikwenda. Nilisimama juani nikifukuza kunguru, macho yangu pale nilipofukia, nikiogopa nikibanduka tu mtu atafukua.

Jioni, jirani akizoa dagaa, ufagio wake uligonga jiwe. Hakuna aliyenipiga. Bibi alilipangusa kwa pindo la kanga, akalirudisha mlangoni. Asubuhi mama alilikalia, akaambiwa neno lake, akanyanyuka. Hakugeuka, kama tulivyofundishwa.

Masika hayo hayo aliugua. Walimzika huko huko Kasulu.

Baada ya kikao kile niliomba likizo, nikaja. Nyumba ya bibi haipo; mahali pake pana kibanda cha chipsi. Kijana wa kibandani nilimuuliza kuhusu jiwe, akasema, "Mawe yako mengi hapa, dada, chagua." Dagaa bado wananuka vile vile. Nimesimama mchangani, karibu na pale, nikisubiri machozi, hayaji. Nililiiba jiwe ili nibaki na mama. Nikapata siku nzima, naye akaniita mara mbili, nami siku hiyo niliitumia kulinda mchanga.