Mistari ya Chini ya Barua

Mjukuu wangu alirudi Kasulu likizo yake ya kwanza ya chuo akiwa na riwaya ndani ya mfuko wa nailoni. Alinieleza kwamba wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza, wa uhandisi kwa wa ualimu, wamepewa kitabu hicho hicho wakisome pamoja. Likizoni kila mmoja alitakiwa asome sura moja na mzee wa kwao, kisha aandike ukurasa kuhusu mazungumzo yao.

Nilifurahi kupita kiasi. Mimi niliishia kidato cha nne, na zamani nilikuwa msomaji wa barua za mtaa mzima. Sasa nina mtoto wa jicho. Herufi naziona kama siafu waliotawanyika. Kwa hiyo yeye alisoma, mimi nikamenya mihogo.

"Sikiliza vizuri, mchumba," alinitania, "usije ukanifelisha."

Sura ilihusu mtu aliyeficha ufunguo wa ghala wakati wa njaa. Alipoimaliza akaniuliza kama nimewahi kumjua mtu wa namna hiyo. Ningeweza kusema hapana. Badala yake nikamwambia jambo nililolinyamazia tangu ujanani.

Dada yangu hakupelekwa shule. Alikuwa na mchumba aliyekwenda kukata mkonge upande wa Tanga, kama vijana wengi wa kwetu Buha siku hizo. Barua zake nilizisoma mimi, dada ameketi mkekani akinitazama mdomo. Ya mwisho ilikuwa na mistari mitatu chini: mkataba umekwisha, nitafika na mvua za kwanza, usikubali posa nyingine. Mistari hiyo sikuisoma. Nilisoma salamu, nikakunja karatasi. Alikuwapo mtu wa Mabamba, kule Kibondo, aliyemposa na ng'ombe wake tayari, na baba alikwisha kusema kwamba bila ng'ombe hao shule yangu ingeishia hapo. Dada alingoja neno, neno halikuja, akakubali. Mchumba wake alifika mvua zilipoanza, akakuta ameshaolewa, akarudi kwenye mkonge. Tangu hapo dada ameishi akijua kwamba mtu wake alichelewa.

Nilimwomba mjukuu maneno hayo yaishie hapo uani. Akasema, "Babu, nitaandika habari ya ufunguo tu." Siku ya kuondoka alinisomea ukurasa wake, nami nikamsifu kwa Kiswahili chake.

Haikupita miezi miwili, dada akanipigia simu kutoka Mabamba. Hakunisalimia. Alisema ukurasa wa mjukuu wangu umechapwa katika kijitabu cha wanafunzi, na binti wa jirani yake, anayesoma chuo hicho, ameona Mabamba imetajwa akaja kumsomea. Kisha akasema neno moja: njoo.

Nilimpigia mjukuu kwanza. Alilia. Alisema hakutaja jina langu, alisema walimu waliupenda ukurasa ule, na mwishowe akakiri kwamba aliponisomea aliruka aya ya barua, kwa kuwa hakutaka niumie. Nikakata simu. Mtoto niliyembeba mgongoni kumpeleka kliniki aliketi mbele yangu, akayatazama macho yangu mabovu, akaruka. Hasira niliyokuwa nayo sikuwa na pa kuiweka, maana kila tusi nililotafuta kumpa lilinifaa mimi kwanza.

Nikapanda basi la Kibondo. Nilimkuta dada uani, anachambua maharage kwenye ungo. Hakusema karibu.

"Isome," alisema.

"Barua niliichoma, dada."

"Unaikumbuka, mwana wa mama. Mtu hasahau alichokificha. Anzia kwenye salamu."

Nikaisoma nimesimama, mikono mitupu, kuanzia salamu hadi mstari wa mwisho. Nilipofika kwenye mvua za kwanza, vidole vyake vilitulia juu ya maharage. Akaniambia nirudie. Nikarudia.

"Kumbe hakuchelewa," alisema. Hakuwa akiniambia mimi.

Kisha akaendelea kuchambua. Kwetu hata mtu mliyegombana naye hupewa maji akifika. Sikupewa, wala sikuona haki ya kuomba. Nilikwenda kukaa juu ya jiwe nje ya uzio wa minyaa kungoja gari, nikisikia maharage mabovu yakitupwa moja moja.

Simu ililia mfukoni. Alikuwa mjukuu. Nilijua atakachosema, kwamba aliniruka kwa kunionea huruma. Nami miaka yote nilijiambia kwamba nilimruka dada kwa faida ya nyumba nzima. Bado nilikuwa na uchungu naye, na bado ninao. Lakini nilipokea. Kabla hajaanza kuomba radhi, nilimwambia achukue kile kijitabu anisomee ile aya, yote.