Mpelelezi Mwenye Sauti Yangu

Jumapili mchana nyumba yetu ya wapangaji wahamiaji, mtaa wa Glenwood huko ugenini, iligeuka ukumbi wa sinema. Mpangaji mwenzetu mmoja, Mtanzania muuza mitumba, aliwahi kutafsiri filamu kwenye vibanda vya video Dar es Salaam, na hakuweza kuiacha filamu ijisemee. Alikaa kando ya televisheni, akapunguza sauti, akawasemea wote: majenerali, wacheza dansi, hata mbwa.

Alipenda zile filamu za zamani za vita, ambamo askari wanaimba, wasichana wanarusha miguu, na katikati yao yumo mpelelezi anayejifanya mwimbaji. Sisi wengine tulikuwa Wakongo, na watu walicheka mpaka mbavu zikauma. Mimi nilicheka kwa tahadhari. Mimi ni Munyamulenge, kabila dogo la mashariki ya Kongo ambalo wengi huliita la wageni, na vita ilikuwa imelipuka upya kwetu. Watu wangu walisakwa mitaani wakiitwa wapelelezi wa adui. Kwa wapangaji wenzangu nilisema natoka Bukavu, basi.

Siku hiyo mpelelezi alipofungua mdomo, ikatoka sauti yangu. Ninavyovuta maneno, ninavyoyameza mwishoni, kila kitu. Mtafsiri hodari humpa kila mtu lafudhi yake, na huyu aliokota iliyokuwa karibu. Watu wakaangua kicheko. Mimi nikaganda.

Yule tuliyemwita Papa hakucheka. Alikuwa mzee wa Lubumbashi, ndiye aliyekodi nyumba ile na kutupangisha vyumba, na mdogo wake alikuwa ameuawa katika vita hiyo hiyo, kifo alichowabebesha watu wangu.

"Simamisha," akasema. "Ile sauti njo ya nani?"

"Si ni ya dada hapa!" Mtanzania akajibu kwa furaha. "Nimempatia, eh?"

Papa akanigeukia. "Ma fille, binti yangu, kwenu banaimbaka nini? Ile wimbo mama yako alikuwa anakuimbia ukiwa mutoto. Imba kidogo."

Wimbo ulikuwa umeshafika mdomoni, kwa Kinyamulenge, lugha pekee ambayo mama alinibembelezea. Nikiuimba, nimekwisha. Nilimchukia yule Mtanzania na mdomo wake, halafu nikaogopa hata kumtazama.

"Mama alikufa akinizaa," nikasema. "Sikuimbiwa."

Papa akashika kichwa.

"Eish. Pole, ma fille. Pole sana."

Akaniwekea mkono begani, akaagiza filamu iendelee, na wasichana wakarudi kurusha miguu.

Mama yangu alikuwa hai. Jana yake tu nilikuwa nimeongea naye kwenye simu, akaniombea.